Majina ya Kweli, Msaliti wa Kubuni: Uchambuzi wa Kisa cha Krasnodon

Mwandishi akiulizwa kama ana haki ya kumchukua mtu halisi na kumfanya mhusika wa riwaya, jibu la haraka huwa ndiyo, ilimradi abadilishe jina. Kisa hiki kinaonyesha udhaifu wa jibu hilo. Katika riwaya Molodaya Gvardiya, kuhusu vijana wa mji wa Krasnodon waliouawa na Wajerumani wakati wa vita, mwandishi wa Kisovieti Alexander Fadeyev alibadilisha jina la mtu mmoja tu mwenye aibu kubwa, akawaacha wengine na majina yao, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyomfichua yule aliyedhaniwa kufichwa.

Watu wa kumbukumbu ya umma nimewataja. Wasichana wawili ambao riwaya iliwataja kwa majina yao halisi kama wasaliti sitawataja. Nitawaita binti wa kwanza na binti wa pili. Jamaa za marehemu nao sikuwaandika majina.

Usuli

Krasnodon ni mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika eneo la Donbas, mashariki mwa Ukraine. Majeshi ya Ujerumani yaliuteka Julai 1942, na Jeshi Jekundu likaukomboa Februari 1943. Katika miezi hiyo, vijana wapatao mia moja, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka shule, walikuwa na kikundi cha siri kilichoitwa Molodaya Gvardiya, yaani Walinzi Vijana. Walisikiliza redio kwa kificho, wakasambaza vipeperushi, wakapandisha bendera nyekundu mjini kuamkia tarehe 7 Novemba 1942, siku ya kumbukumbu ya Mapinduzi. Usiku mmoja wa Desemba walichoma ofisi ya kazi ya Wajerumani, na humo zikateketea karatasi za watu waliokwisha orodheshwa kupelekwa Ujerumani kufanyishwa kazi kwa nguvu. Mchana, baadhi yao walionekana kwenye klabu ya mji wakifanya mazoezi ya muziki na maigizo. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yao ya kukutana bila kutiliwa shaka.

Kamatakamata ilianza mwanzoni mwa Januari 1943. Waliteswa vibaya, kisha wengi wao wakatupwa kwenye shimo la mgodi namba 5, baadhi wakiwa bado wanapumua. Mji ulipokombolewa, miili 71 ilitolewa humo. Wengine, akiwamo Oleg Koshevoy, kijana wa miaka 16, waliuawa kwa risasi mwezi Februari katika mji jirani wa Rovenky.

Kuhusu fasihi yenyewe, maelezo mafupi yanatosha. Tangu mkutano mkuu wa kwanza wa waandishi wa Kisovieti, Moscow, 1934, uhalisia wa kijamaa ndio uliokuwa mwongozo rasmi: mwandishi aonyeshe maisha kwa ukweli, lakini ukweli unaotazama mbele, kule mapinduzi yanakoelekea. Shujaa hakuhitajika awe mkamilifu siku ya kwanza, ila alitakiwa akue mbele ya msomaji. Kwa mahitaji ya namna hiyo, mtu halisi ni hazina. Maxim Gorky alikuwa amekwisha kufanya hivyo zamani katika Mama, akimtumia mfanyakazi Pyotr Zalomov wa Sormovo, aliyebeba bendera kwenye maandamano ya Mei Mosi 1902, pamoja na mama yake mzazi. Dmitry Furmanov naye alimwandika kamanda Chapayev kwa jina lake la kweli, huku yeye mwenyewe, aliyekuwa kamisaa wake, yaani kiongozi wake wa kisiasa, akijipa jina la kubuni. Kwa hiyo Alexander Fadeyev alipopewa habari za Krasnodon, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa.

Mfuatano wa matukio

Tarehe 13 Septemba 1943, vijana watano wa kikundi hicho walitangazwa Mashujaa wa Umoja wa Kisovieti baada ya kufa: Koshevoy, Ulyana Gromova, Ivan Zemnukhov, Sergey Tyulenin na Lyubov Shevtsova. Viktor Tretyakevich hakuwamo. Alikuwa kiongozi wa juu wa kikundi, kamisaa wake, na alitupwa shimoni kama wenzake akiwa na miaka 18. Sababu ya kuachwa ilikuwa ushahidi wa mtu mmoja, mpelelezi aliyefanya kazi kwenye polisi ya Wajerumani, aliyewaambia maofisa wa Kisovieti kwamba Tretyakevich alishindwa kuvumilia mateso akawataja wenzake. Mpelelezi huyo alipigwa risasi hadharani mwezi huohuo. Maneno yake hayakufa naye.

Wakati huohuo Fadeyev alikuwa njiani. Umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, Komsomol, ulimpa nyaraka zake na kumwomba aandike kitabu. Alifika Krasnodon Septemba 1943, akazungumza na wazazi, walimu na marafiki wa marehemu, na akapokelewa nyumbani kwa mama yake Oleg Koshevoy. Aliandika kwa kasi isiyo ya kawaida kwake, maana alikuwa mwandishi wa kuchelewesha kazi. Riwaya ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1945, ikatoka kama kitabu mwaka 1946, na mwaka huohuo ikapata Tuzo ya Stalin. Fadeyev mwenyewe mwaka huo akawa katibu mkuu wa Umoja wa Waandishi. Kitabu kikaingia shuleni.

Ndani ya kitabu, mashujaa wana majina yao. Msaliti mkuu anaitwa Yevgeny Stakhovich, na hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuwamo kwenye kikundi. Pembeni, kwa kurasa chache, wanatokea wasichana wawili wa shule wanaokubali kuwachongea wenzao kwa polisi. Hao walikuwepo kweli, na majina yao na ya ukoo yameandikwa kama yalivyo.

Desemba 1947 Pravda, gazeti kuu la chama, liliishambulia riwaya. Hoja haikuwa kwamba mtu fulani amesingiziwa. Hoja ilikuwa kwamba vijana wanaonekana wamejiongoza wenyewe, na chama kiko wapi? Fadeyev alikubali lawama, akaketi tena na kitabu kilichokwisha shangiliwa nchi nzima, na mwaka 1951 akatoa toleo jipya ambamo wakomunisti wazima, hasa Filipp Lyutikov, mtu halisi aliyeuawa pamoja na vijana, wanapewa nafasi kubwa ya uongozi. Katikati ya hayo, mwaka 1948, Sergei Gerasimov alikuwa ametoa filamu yake.

Mwaka 1959, afisa mmoja wa zamani wa polisi ya Wajerumani alikamatwa na kushtakiwa. Katika mahojiano yake ikadhihirika kwamba Tretyakevich hakumtaja mtu, na kwamba shutuma ya 1943 ilikuwa ya kutungwa. Tume ikaundwa, na Desemba 1960 Tretyakevich akatunukiwa nishani ya Vita vya Kizalendo ya daraja la kwanza. Fadeyev hakuwapo kuyashuhudia. Alijiua kwa bastola nyumbani kwake Peredelkino tarehe 13 Mei 1956.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubakiza majina ya mashujaa. Ni rahisi kuuelewa. Makaburi yalikuwa bado mabichi, amri ya serikali imekwisha kutaja nani ni shujaa, na aliyeagiza kitabu alitaka Oleg Koshevoy, si kijana wa kubuni anayefanana naye. Jina la kweli lilikuwa ndilo thamani yenyewe ya kitabu.

Wa pili ulikuwa kumpa msaliti jina la kubuni, na hapa Fadeyev anastahili kutetewa kidogo. Baadaye alieleza kwamba hakuandika historia ya kikundi bali kazi ya sanaa, yenye mambo mengi ya kubuni na hata watu wa kubuni, na kwamba Stakhovich ni mkusanyiko wa tabia, si mtu fulani. Naamini alisema alichokiona. Mwandishi aliyetaka kumkomoa Tretyakevich angeandika Tretyakevich tu, kwa kuwa nyaraka alizopewa zilimruhusu.

Wa tatu ulikuwa kuwaandika wale wasichana wawili kwa majina yao. Huu ndio ninaoshindwa kuupatia sababu ya kisanaa. Ni wahusika wadogo. Riwaya isingepungukiwa kitu kama wangeitwa vinginevyo.

Wa nne ni ule wa kuandika upya. Fadeyev alikuwa kiongozi wa waandishi wote wa nchi. Kukataa maoni ya Pravda hakukuwa chaguo alilojiona nalo. Inasimuliwa kwamba aliwatania rafiki zake kuwa sasa anawageuza walinzi vijana kuwa walinzi wazee.

Matokeo

Kama kitabu cha kuhamasisha, kilifanikiwa kupita matarajio. Vizazi vya wanafunzi wa Kisovieti walikua na Oleg, Ulyana na Sergey kana kwamba ni kaka na dada zao wakubwa. Mitaa na shule zikapewa majina yao.

Upande wa pili wa daftari si mzuri. Watu wa Krasnodon walimsoma Stakhovich wakamwona Tretyakevich, na familia ya Tretyakevich iliishi na jina la msaliti kwa takriban miaka 16. Shutuma haikuanzishwa na Fadeyev. Ilikuwa kwenye mafaili kabla hajashika kalamu. Alichofanya ni kuitoa kwenye faili, ambako watu wachache wangeisoma, na kuitia kwenye kitabu cha kiada. Hata baada ya nishani ya 1960 kitabu kiliendelea kuchapwa na Stakhovich akiwa ndani. Filamu iliguswa: mwaka 1964 ilihaririwa upya na msaliti akabadilishiwa jina kwa kurekodi sauti nyingine. Riwaya haikuwa na mwenyewe tena wa kuigusa.

Binti wa kwanza na binti wa pili walionja kifungo cha Kisovieti. Walisafishwa majina yao rasmi mwaka 1990.  Mtu aliyetoka kambini katika miaka ya 1950 alikuta jina lake likisomwa darasani kama mfano wa uovu, na hakuna ofisi ya kukatia rufaa dhidi ya mhusika wa riwaya.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nguvu ya riwaya ilitoka kwenye mambo madogo ya kweli. Klabu ya maigizo kama kivuli cha kazi ya siri, bendera, moto wa ofisi ya kazi: hakuna mbunifu ambaye angeyapanga vizuri kuliko yalivyojipanga. Fadeyev alijua kuwasikiliza waliofiwa, na vijana wake wanacheka, wanapendana, wanajivuna na kuogopa. Kwa kiwango cha uhalisia wa kijamaa hilo si jambo dogo, maana wahusika wengi wa mkondo huo walikuwa hotuba zilizovishwa suruali. Ajabu ni kwamba uhai huohuo, wa vijana kufanya mambo kwa akili yao, ndio ulioikera Pravda. Toleo la 1951 lina uongozi zaidi na pumzi kidogo.

Uchambuzi: kilichoharibu

Kosa kubwa, kwa tathmini yangu, halikuwa kutumia watu halisi wala kubuni. Lilikuwa kuchanganya viwili hivyo bila kumwachia msomaji alama ya kutofautisha. Kitabu kinapokuwa na majina arobaini ya kweli na moja la uongo, lile la uongo haliwi pazia. Linakuwa kitendawili, na watu wa mji mdogo wa machimbo hawahitaji dakika tano kukitegua. Watu wanauliza: huyu Stakhovich ni nani kwetu? Kisha wanatazama ni kiongozi gani aliyekuwapo kwenye kikundi na hayumo kitabuni.

Jibu lilisaidiwa na undani wa maisha ya mhusika. Stakhovich wa kitabuni anarudi mjini akitokea kwenye kikosi cha wapiganaji wa msituni, anapata heshima kwa wenzake kwa ajili hiyo, na hatimaye anavunjika akiteswa. Tretyakevich naye alikuwa ametokea kwenye kikosi cha msituni kabla ya kujiunga na wenzake wa Krasnodon. Hapo ndipo penye somo kwa yeyote anayeandika juu ya watu aliowafahamu: jina ni kitambulisho chepesi kuliko vyote. Mtu hutambulika kwa alikotoka, kwa kazi yake, kwa alivyoingia na alivyotoka. Fadeyev alifuta jina akaacha wasifu. Angeligeuza lile la msituni tu, Stakhovich angekuwa mbali zaidi na yule marehemu kuliko jina lolote la kubuni lingemweka.

Kosa lililofuata lilihusu vyanzo. Mwandishi alikaa kwa mama mmoja, na kitabu kikamweka mtoto wa nyumba hiyo katikati, akiwa ndiye kamisaa. Sina neno baya juu ya mama huyo. Mzazi aliyefiwa husimulia mwanawe, si kikundi, angefanyaje vinginevyo? Wa kulaumiwa ni aliyesikia sauti moja kwa karibu na nyingine kwa mbali, asifanye hesabu ya tofauti hiyo. Wazazi wa kijana aliyeitwa msaliti walikuwepo mjini humohumo, na nafasi ya kamisaa iliyokuwa yake, kitabuni ilipewa mwingine. Kwa hiyo Tretyakevich alinyang'anywa mara mbili: cheo chake kilikwenda kwa shujaa, na aibu asiyoistahili ikabaki kwa mhusika aliyefanana naye.

Pia kuna suala la faili la uchunguzi. Ushahidi dhidi ya Tretyakevich ulitoka kwa mtu aliyewafanyia kazi Wajerumani na aliyekuwa akipigania shingo yake. Mwanahistoria angeuweka kando mpaka apate wa pili. Mwandishi wa riwaya aliuona umeiva kwa sababu riwaya ilihitaji msaliti: kikundi cha vijana wema kikivunjwa, msomaji anataka ajue nani alikivunja, na uhalisia wa kijamaa haukupenda jibu la kwamba vijana walikosea hatua, kwamba walivamia gari la zawadi za sikukuu za askari wa Kijerumani na mali hiyo ikawaumbua. Tanzia inayotokana na bahati mbaya na utoto haina funzo la kisiasa. Inayotokana na msaliti inalo. Hapo mahitaji ya muundo wa hadithi yaliungana na faili bovu, na kila kimoja kikakithibitisha kingine.

Jambo linalonishangaza kuliko yote ni aina ya uhariri uliofanyika. Si kweli kwamba kitabu hiki hakikukaguliwa. Kilikaguliwa na gazeti kuu la chama, kikafumuliwa na kushonwa upya kwa miaka mitatu na zaidi. Katika muda wote huo swali lililoulizwa lilikuwa kama chama kimeonekana vya kutosha. Stakhovich alibaki. Wasichana wawili walibaki na majina yao kamili. Ukaguzi ulikuwa mkali sana mahali pasipoumiza mtu, ukapita kimya mahali palipokuwa na watu wanaopumua.

Kulinganisha kidogo

Mwaka uleule wa 1946 Boris Polevoy alitoa hadithi ya rubani ambaye ndege yake iliangushwa Aprili 1942, akatambaa siku 18 kwenye theluji, akakatwa miguu yote miwili na bado akarudi kurusha ndege za vita. Rubani halisi aliitwa Alexey Maresyev. Wa kitabuni anaitwa Meresyev. Herufi moja tu. Hakuna aliyedanganyika, wala haikukusudiwa. Herufi hiyo ilikuwa inamwambia msomaji: huyu ni yule, lakini mazungumzo na mawazo yake ni yangu mimi mwandishi. Rubani mwenyewe ndiye aliyemsimulia Polevoy, na aliishi miongo mingi akiwa na nafasi ya kusema lipi lilitokea na lipi limeongezwa.

Si haki kuwalinganisha moja kwa moja, kwani Polevoy alikuwa na mtu mmoja, tena wa kusifiwa. Ugumu huanza pale hadithi inapohitaji mwovu. Sifa ikizidishwa, mwenye nayo hujicheka akaendelea na maisha. Usaliti ukizidishwa hata kwa kipimo cha sindano, kuna mtu atakosa kazi, na mama atakayevuka barabara ili asikutane na majirani.

Kilichokuwa ndani ya uwezo wa mwandishi

Wapo wanaosema Fadeyev hakuwa na uhuru, kwa hiyo mjadala huu hauna maana. Kwa sehemu ni kweli. Hangeweza kumtangaza Tretyakevich shujaa mwaka 1946 bila kupambana na vyombo vya usalama, na hangeweza kumpa Oleg jina la kubuni bila kuharibu alichoagizwa. Lakini kuna mengine ambayo hakuna aliyemwamuru. Sijui ofisi iliyohitaji Stakhovich atoke msituni. Angeweza kutoka popote. Na sioni chama, gazeti wala kamati ambayo ingepoteza chochote kama wasichana wawili wa shule wangepewa majina mengine ndani ya kurasa zile chache. Kwa mabadiliko hayo hapakuhitajika ujasiri wa kisiasa. Palihitajika mtu mmoja, mwandishi au mhariri wake, apite kwenye muswada na kalamu nyekundu akiuliza kwa kila jina lenye lawama: huyu yuko wapi leo, na tuna uhakika gani?